Nani kaiba alama 51 za dada?

Jumapili usiku dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinipigia kutoka Columbus, Ohio. Kadunduliza miaka ili anunue nyumba. Programu ya bure kwenye simu yake ilimwonyesha alama 712 za ukopaji. Kafika kwa mkopeshaji, kaambiwa ana 661.

"Mdogo wangu, si wewe ndiye mwandishi? Hebu niambie nani kaniibia alama zangu."

Nikaahidi kuchimba. Nilichokuta ni historia zaidi kuliko wizi, ingawa ujanja ujanja nao haukosi.

Zamani mkopo Marekani ulitegemea faili la umbea. Kampuni ya Retail Credit ya Atlanta, iliyoanzishwa 1899, iliandika hadi mambo ya ndoa za watu. Bunge likatunga sheria ya kuzibana kampuni hizo mwaka 1970, na 1975 kampuni hiyo ikabadili jina, ikawa Equifax. Wakati huo Bill Fair na Earl Isaac, mhandisi na mwanahisabati wa California, walikuwa tangu 1956 wakiuza wazo kwamba hesabu inajua nani atalipa kuliko umbea. Alama yao ya FICO inayotumiwa na wakopeshaji wa kila aina ilitoka 1989.

Kisa cha dada kinaanzia 1995. Mwaka huo Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika mawili yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, yaliwaelekeza watumie FICO. Jamani, mkopeshaji hataki kukaa na deni lako miaka 30, anataka aliuze. Basi anatumia kipimo anachokitaka mnunuzi. FICO ikatoa toleo la 8, kisha la 9, lakini kwenye nyumba watu wakabaki na matoleo ya zamani, la 2, la 4 na la 5, moja kwa kila kampuni ya taarifa za mikopo. Zikija alama tatu, inachukuliwa ya katikati. Ndiyo ile 661.

Na 712 je? Hadi mwaka 2000 mkopaji hakuoneshwa alama yake kabisa, ilikuwa siri ya wakubwa. California ikatunga sheria ya kuifichua, na 2001 FICO yenyewe ikaanza kumuuzia mwananchi. Mwaka 2006 Equifax, Experian na TransUnion wakaunda alama yao, VantageScore. Toleo lake la 3.0 la mwaka 2013 ndilo programu nyingi za bure zinagawa. Hilo halihesabu deni lililofika kwa wakusanya madeni kisha likalipwa. FICO za zamani zinalihesabu.

Ujanja sasa. Mwaka 2012 ofisi ya Marekani ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha ilikuta kwamba mtu mmoja kati ya watano angepewa alama tofauti kabisa na anayoiona mkopeshaji. Mwaka 2017 ikaziamuru Equifax na TransUnion kulipa zaidi ya dola milioni 23, kwa sababu, pamoja na mengine, ziliwaaminisha wateja kwamba alama walizouziwa ndizo wakopeshaji wanazotumia.

Julai 2025 msimamizi wa Fannie na Freddie alitangaza kuwa VantageScore nayo itakubaliwa. Lakini ni toleo la 4.0, si lile la kwenye simu ya dada!

Nikampigia. Nikamwambia sheria ya 2003 inamlazimu mkopeshaji wa nyumba kumpa mwombaji alama alizotumia pamoja na sababu zake. Karatasi anayo, alikuwa hajaisoma. Nikasikia bahasha inachanwa.

"Sababu ya kwanza, akaunti iliyopelekwa kwa wakusanya madeni." Kimya. "Ile bili ya simu, mdogo wangu. Dola 140. Na nililipa yote!"