Hawkesbury: Makutano Yaliyozaliwa na Ugomvi wa Ushuru

Huko Hawkesbury, kaskazini ya jiji la Coventry, Uingereza, lipo lango la maji linalopandisha na kushusha mashua kwa inchi chache tu. Mgeni hujiuliza: ya nini lango zima kwa kimo cha kiganja? Jibu limo katika hesabu za kampuni mbili zisizoaminiana.

Bunge liliidhinisha Mfereji wa Coventry mwaka 1768, na ule wa Oxford mwaka uliofuata. Mhandisi wa kwanza wa yote miwili alikuwa James Brindley. Mali kubwa ilikuwa makaa ya mawe ya machimbo ya Bedworth na jirani zake, na kila kampuni ililinda ushuru wake. Basi mifereji haikukutana ilipokaribiana. Ilikwenda sambamba zaidi ya maili moja hadi Longford, ndiko ilikounganishwa mwaka 1777. Mali bila daftari huisha bila habari, lakini daftari hili liliwachosha bure farasi waliovuta mashua. Mwaka 1803 makutano yakahamishiwa Hawkesbury.

Ugomvi ulikwisha, tahadhari ikabaki. Lango lilikuwa la kuzuia maji ya mmoja yasimwagikie kwa mwenzake. Wenye mashua walipaita Sutton Stop, kwa jina la ukoo uliolinda lango hilo. Hapo, mbele ya baa ya Greyhound, walifunga kamba wakingoja kuambiwa waende mgodi gani kupakia.

Mwaka 1821 mtambo wa mvuke wa aina iliyobuniwa na Newcomen uliletwa kutoka mgodi wa Griff ili upandishe maji ya kisima mferejini. Uliitwa Lady Godiva, ukafanya kazi hadi 1913. Leo unahifadhiwa Dartmouth, mji alikozaliwa Newcomen. Jengo lake bado limesimama Hawkesbury, kando ya maji.

Daraja la chuma cha kusubu, la mwaka 1837, nalo lina kumbukumbu yake. Pitisha kidole kwenye ukingo wake: utaingia katika mifuo iliyochimbwa na kamba za farasi, zenye mchanga na maji, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 1948 mifereji yote miwili ikawa mali ya taifa. Siku hizi mashua ni za mapumziko, na ushuru uliogombaniwa haudaiwi tena. Lango la inchi chache bado hufunguliwa na kufungwa kwa mikono.