Nani Alibeba Hema? Hesabu ya Safari Chini ya Mlima Meru

Familia yetu ina kundi la WhatsApp, kama yako. Mwaka huu bibi ametimiza miaka 80, na wajukuu tukakubaliana tumpe zawadi ya siku mbili kwenye kambi ya mahema mbugani. Kazi ya kupanga nikapewa mimi, eti kwa sababu "wewe si ndiye unasoma historia?"

Basi nikaenda kwa bibi, nikamwamkia, nikamwonyesha picha kwenye simu: kitanda kikubwa, shuka nyeupe, taa ya mezani, na juu yake turubai. Akaitazama kwa muda.

"Mjukuu wangu, mnataka kulipa hela zote hizi nikalale nje? Mbona mimi nililala nje mwaka wa 51, na sikudaiwa hata senti."

Tulicheka sana. Lakini nikiwa kwenye daladala narudi mjini swali lake likanikaa kichwani. Imekuwaje kulala kwenye hema, jambo ambalo kwa wengi wetu ni dalili ya shida, kukawa anasa ya kulipia? Nimeandika makala haya kumjibu bibi, na kama na wewe unapanga kwenda kulala porini, yatakufaa. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba raha ya hema haijawahi kutoka kwenye hema lenyewe. Imetoka kwa aliyelibeba, na kwenye ardhi liliposimamishwa.

Safari kabla ya watalii

Neno safari tulilipata kutoka Kiarabu, na kwetu halijawahi kumaanisha kwenda kutazama simba. Ni mwendo wowote wa mbali. Karne ya 19 safari kubwa zilikuwa misafara ya biashara iliyotoka pwani, sehemu kama Pangani na Bagamoyo, kwenda bara kutafuta pembe za ndovu. Mbele alitembea kirangozi, nyuma yake wapagazi, na mnyapara akisimamia mizigo. Usiku walipiga kambi, wakazungushia boma la miiba, wakawasha moto.

Kwa nini wasitumie mikokoteni? Sababu moja kubwa ni mbung'o, yule nzi anayeeneza nagana. Ng'ombe na farasi waliopitishwa kwenye mapori yake walikufa. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya binadamu.

Sasa tufanye hesabu kidogo, usiogope. Mpagazi alibeba karibu kilo 27. Posho yake kwa siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, tuseme kilo 0.7. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba ndicho kilichomaliza mzigo: mtu aliyebeba chakula tupu angekila chote mwenyewe kwa siku 38 hivi.

Tuseme una mizigo ya wapagazi 100: mahema, nguo, shanga, bunduki. Njia yako ina siku 10 bila mahali pa kununua chakula. Utahitaji wapagazi wa chakula, na hao nao wanakula. Ukiikokotoa, ni wapagazi 35 zaidi. Siku 20? Ni 108. Siku 30? Ni 350! Yaani ukiongeza siku mara tatu, wapagazi wa chakula wanaongezeka mara kumi. Wanaosoma fizikia watalitambua tatizo hili, maana roketi nayo inabeba mafuta ya kubebea mafuta.

Kwa hiyo msafara haukwenda ulikotaka. Ulikwenda kulikokuwa na chakula. Na hapo ndipo mlima wetu unapoingia. Miteremko ya kusini ya Meru inapata mvua nzuri, udongo wake ni wa volkano, na wakulima wa Kimeru na Kiarusha walichimba mifereji na kulima migomba katikati ya nchi kame. Kwa mtu anayetoka nyikani na wapagazi wenye njaa, kijani kile kilikuwa kama kituo cha mafuta. Taveta, upande wa pili wa Kilimanjaro, ilifanya kazi hiyohiyo. Mwaka 1887 Sámuel Teleki kutoka Hungaria na Ludwig von Höhnel walifika Meru na mamia ya wapagazi, Teleki akapanda sehemu ya mlima. Vitabu vinawaita wavumbuzi. Mimi nikisoma habari zao natafuta kwanza nani aliwalisha.

Boma, bafu na risasi

Ukishuka leo mjini Arusha, tembelea Makumbusho ya Elimu Viumbe, si mbali na Mnara wa Saa. Jengo lile ni boma la Wajerumani, lililokamilika mwaka 1900 baada ya majeshi yao kuwapiga Wameru na Waarusha. Lilijengwa kwa kazi ya lazima ya watu haohao. Kuanzia hapo mzigo haukuwa tena suala la mapatano kati ya mpagazi na tajiri wa msafara. Serikali ikihitaji watu, watu walichukuliwa.

Wakati huohuo ikazaliwa safari ya aina mpya, ya starehe. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuja kuwinda Kenya. Nairobi tayari ilikuwa na kampuni ya kupanga safari za wageni, Newland na Tarlton. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200, na kati ya mizigo yao kulikuwa na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi, na vitabu vyake vya kusoma. Mgeni alikuwa na hema lake, mpishi, askari wa kulinda, na mtu wa kumchemshia maji ya kuoga.

Itazame tena ile picha niliyomwonyesha bibi. Hema la kijani, kiti cha kukunja, bafu la ndoo inayoning'inizwa juu na kujazwa maji ya moto jioni. Mpangilio huu haukubuniwa na wataalamu wa matangazo juzi. Ni kambi ya mwindaji wa miaka ile, ila bunduki imeondolewa na kamera imewekwa.

Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Machi 1916 Waingereza waliichukua Arusha. Vita ya Afrika Mashariki ilipiganwa kwa hesabu ileile ya kibaba, maana kila askari alihitaji watu wa kumbebea chakula na risasi, nao walihitaji kula. Wapagazi waliochukuliwa na pande zote mbili walikuwa mamia ya maelfu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, ulimi wetu uliligeuza Kariakoo. Ukienda kununua kitenge Dar es Salaam, unakanyaga kumbukumbu yao.

Gari halili posho

Miaka ya 1920 magari yalianza kuzoeleka, na mwaka 1929 reli ya kutoka Tanga, iliyokuwa imefika Moshi tangu 1911, ikafika Arusha. Ile hesabu yetu ikavunjika. Lori linabeba mizigo ya wapagazi wengi na likisimama halili. Ernest Hemingway alipokuja kuwinda mwaka 1933, akapita Arusha na kupiga kambi karibu na ziwa Manyara, alikuja kwa gari na wasaidizi wachache. Safari iliyohitaji kijiji kizima ikawezekana kwa watu wasiozidi timu ya mpira.

Lakini mzigo ulipopungua, swali la pili likakua: hema linasimama kwenye ardhi ya nani?

Hapa nifike kwa bibi. Kaskazini-mashariki mwa Meru, upande wa ukame, kuna Ngare Nanyuki. Wameru walilisha mifugo yao huko. Serikali ya Kiingereza iliamua eneo hilo liwe la walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Kuanzia tarehe 17 Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu, nyumba zikachomwa. Walitengewa Kingori, wengi wakakataa, wakaenda kubanana kwa ndugu. Bibi alikuwa mtoto wa miaka sita. Huko ndiko "kulala nje" anakokusema.

Wameru hawakunyamaza. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi kwa hotuba hiyo. Lakini watu wa Tanganyika waliona kwamba mkulima wa mlimani anaweza kusimama mbele ya dunia na kudai chake, na miaka miwili baadaye TANU ikazaliwa.

Mwaka 1960 ikatangazwa Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto, na mwaka 1967 Mlima Meru ukaongezwa, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Katikati hapo, Septemba 1961, Nyerere alitoa tamko mjini Arusha kwamba wanyamapori ni amana tutakayowarithisha watoto wetu. Na Hollywood nayo ilikuja Momella kupiga filamu ya Hatari!, iliyotoka 1962, akiigiza John Wayne. Mlima uliolisha misafara sasa ukawa pazia la nyuma la sinema.

Bado lakini biashara kubwa ilikuwa Nairobi. Watalii wengi waliingilia Kenya, wakavushwa kuja kuona Serengeti na Ngorongoro, wakarudi. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971, ila mazoea hayafi haraka. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka na Kenya ulifungwa, ukafunguliwa tena 1983. Iliumiza kweli, wageni walipungua. Lakini tangu hapo Tanzania ililazimika kusimamisha utalii wake yenyewe, na Arusha ndiyo ikawa kituo.

Sasa upange vipi?

Ukiijua historia hii, kupanga kunakuwa rahisi, kwa sababu maswali ni yaleyale ya mnyapara.

La kwanza ni chakula, ila sasa ni cha wanyama. Nyumbu nao wanafuata majani kama msafara ulivyofuata migomba. Kuanzia Desemba hadi Machi wako kusini mwa Serengeti, maeneo ya Ndutu, na wengi wanazaa Februari. Kati ya Julai na Oktoba wengi wako kaskazini, mto Mara. Ndiyo maana kuna kambi zinazohama nao, hema zinang'olewa na kusimamishwa kwingine. Aprili na Mei ni masika, barabara zinakuwa tope na kambi nyingi hufungwa. Usikubali bei ya chee ya Aprili kabla hujauliza kama gari litafika.

La pili ni mzigo. Ukipanda ndege ndogo kutoka uwanja wa Arusha kwenda Serengeti, kawaida unaruhusiwa kilo 15 tu, kwenye begi laini. Kumbe mpagazi wa mwaka 1887 alibeba karibu mara mbili ya hiyo kwa miguu. Na wabebaji bado wapo. Kwenye Kilimanjaro tunawaita wagumu, na sheria inasema wasibebeshwe zaidi ya kilo 20. Ukipanda Meru, wenye mita 4,566, utalala kwenye vibanda vya Miriakamba na Saddle badala ya hema, na utasindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Godoro uliloliacha nyumbani halikumchosha mtu, lakini begi lako litambebesha mtu. Uliza anabeba kilo ngapi, analipwa vipi, na usiku analala wapi. Msafirishaji mzuri atajibu bila kusitasita.

La tatu ni la bibi: hapa tunapolala palikuwa pa nani, na wenyeji wanapata nini leo? Liulize kwa heshima, wala si ugomvi. Utashangaa jinsi waongozaji wengi wanavyofurahi kuulizwa kitu kingine zaidi ya "simba yuko wapi?"

Na kama wewe ni raia wa Afrika Mashariki, beba kitambulisho. Kiingilio chetu hifadhini ni kidogo kuliko cha mgeni na kinalipwa kwa shilingi. Wengi wetu hatujui, tunadhani mbuga ni za Wazungu tu.

Nilirudi kwa bibi nikamsimulia yote haya, hadi hesabu ya kibaba. Alisikiliza, akaniuliza kama hizo kambi ziko upande unaoonekana Ngare Nanyuki. Nikamwambia ipo moja, asubuhi kukiwa hakuna mawingu ataiona nchi yote ile ya chini. Akakaa kimya kidogo.

"Basi nitakwenda," akasema. "Ila begi langu nitabeba mwenyewe."

Tunaondoka Juni.