Chacha wa Tarime na chacha ya Cuba

Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi, testi zilibana mpaka basi. Leo naomba nisiandike habari za hosteli wala bumu kuchelewa. Leo ni historia kidogo, na chanzo chake ni ubishi.

Juzi kwenye daladala la kutoka Nyegezi redio ilipiga zilipendwa moja ya miaka ya 60. Washikaji wawili siti ya nyuma wakaanza. Mmoja anasema huu ndio muziki wetu asilia, si kelele za siku hizi. Mwenzake anajibu, asilia wapi, hiyo ni salsa ya watu imewekewa Kiswahili tu! Nikashuka Igogo nikawaacha wanaendelea. Nimesoma na kusikiliza sana tangu siku ile, na kwa maoni yangu kila mmoja ana nusu ya ukweli. Ila hizo nusu mbili ukiziunganisha unapata kitu kitamu kuliko ubishi wenyewe.

Kwanza tuweke majina sawa. Hapa kwetu Kanda ya Ziwa ukisema Chacha, mtu wa kwanza anayekuja kichwani ni jamaa wa Kikurya kutoka Tarime. Chacha ninayoisema mimi ni mtindo wa muziki uliozaliwa Cuba mwanzoni mwa miaka ya 1950, ndugu yake rumba, mambo na bolero. Ndugu mwingine ni son, muziki wa mashariki mwa Cuba wenye gitaa, ngoma na vile vijiti viwili vinavyogonganishwa mapigo 5: matatu halafu mawili, au mawili halafu matatu. Salsa ni jina la baadaye. Kwa Kihispania maana yake ni mchuzi, na waliolisambaza sana ni watu wa New York kwenye miaka ya 1970, hasa kampuni ya Fania iliyoanzishwa mwaka 1964 na Johnny Pacheco na Jerry Masucci. Na ile inayoitwa jazz ya Kilatini ilianzia huko huko New York miaka ya 1940, kwenye bendi ya Machito na Mario Bauzá. Wimbo wao wa mwaka 1943 ambao wengi wanauhesabu kuwa mwanzo wa mtindo huo unaitwa "Tanga". Watu wa Tanga msianze kujisifu, haukutungwa kwa ajili yenu.

Sasa yule aliyesema "ya watu". Watu gani? Ngoma za Cuba zilipelekwa na Waafrika waliouzwa utumwani, na utumwa kule haukuisha mpaka mwaka 1886. Wengi walitoka Kongo na Afrika Magharibi, lakini hata pwani yetu hii imo. Kwenye kumbukumbu za Cuba kuna watumwa walioitwa Macuá, yaani Wamakua, waliochukuliwa Msumbiji. Wamakua hao hao wako mpaka leo Mtwara na Masasi. Kwa hiyo kuuita muziki huu wa kigeni moja kwa moja ni sawa na kumwita mgeni mtoto wa shangazi kwa sababu tu alizaliwa mbali.

Ulirudije? Kwa meli na kwa redio. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ya Uingereza ilianza kutoa mfululizo wa santuri ulioitwa GV, zikiwa ni nyimbo za Cuba zilizochaguliwa kuuzwa Afrika. Mpaka mwisho wa miaka ya 50 zilikuwa zimetoka zaidi ya 200. Namba moja kabisa ilikuwa "El Manisero", wimbo wa muuza karanga, uliopigwa na bendi ya Don Azpiazu. Mabaharia walizibeba, wenye maduka ya Kihindi waliziuza, na wenye gramafoni walizichakaza. Kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, vijana wakazisikiliza mpaka wakazimeza. Joseph Kabasele akaunda African Jazz mwaka 1953, Franco na wenzake wakaunda O.K. Jazz mwaka 1956. Mashairi yakawa ya Kilingala, gitaa likachukua kazi ambayo Cuba ilifanywa na piano.

Na kwetu? Hapa ndipo Morogoro inapoingia. Kijana mmoja aliyezaliwa mwaka 1928, Salum Abdallah, alizipenda santuri za Cuba kupita kiasi. Inasimuliwa kwamba alitoroka nyumbani akitaka kwenda Cuba yenyewe, akafika Mombasa akakwama, vita kuu ya pili ikiwa imeziba njia. Akarudi Morogoro. Mwaka 1948 akaanzisha bendi iliyoitwa La Paloma, na baadaye ikaitwa Cuban Marimba. Hebu fikirieni: mji wa reli na mashamba ya mkonge, katikati ya Tanganyika, na bendi ya watoto wa mtaani inaitwa Cuban! Hawakuwa na pasipoti wala nauli, wakaamua Cuba iwafuate wao. Hata leo mpiga ngoma wa bendi anaitwa mpiga tumba. Nalo neno tumba, kwa maana hiyo, lina asili Cuba.

Muziki huu ulizua kesi kubwa kuliko ya daladalani. Mwezi Januari 1960, wanasiasa wa Kongo wakiwa Brussels kudai uhuru wao, Kabasele na African Jazz walikuwa huko huko, wakarekodi "Indépendance Cha Cha". Wimbo ukaruka Afrika nzima. Uhuru ukachezwa kwa chacha!

Karibu miaka mitatu baadaye, tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere anahutubia Bunge akiwa Rais mpya wa Jamhuri ya Tanganyika. Anatangaza wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na anaeleza kwa nini: wasomi wanajivunia kucheza rumba, chacha na twist, lakini ngoma za kwao hawazijui hata kwa majina. Yaani dansi ile ile, Brussels ni bendera ya uhuru, Dar es Salaam ni ushahidi wa akili iliyotawaliwa.

Nani alikuwa sahihi? Mimi nasema Mwalimu aliuona ugonjwa sawasawa. Ukoloni ulifundisha watu kuona aibu ngoma zao, na mtoto wa Butiama alijua anachosema. Lakini chacha haikuwa kijidudu cha ugonjwa huo. Na ushahidi wangu ni kile kilichofanywa na serikali yenyewe baada ya hotuba.

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kikaunda NUTA Jazz. Mwaka 1971 vijana wa TANU wakawa na Vijana Jazz. Jeshi likawa na bendi, polisi wakawa na bendi, mpaka shirika la bima likawa na bendi. Mwaka 1978 kampuni ya usafiri ya serikali ikazaa Mlimani Park. Mwanamuziki akawa mwajiriwa wa umma, anapokea mshahara na vyombo anapewa. Na anapiga nini? Rumba na chacha! Maneno ndiyo yakawa ya Azimio la Arusha, ya kilimo, ya ndoa, ya mji na vishawishi vyake. Wakati huo huo, mwaka 1969, muziki wa soul ulipigwa marufuku kwenye kumbi za Dar es Salaam kwamba ni uhuni wa kigeni. Soul nje, rumba ndani. Maana yake hata wakubwa walishaacha kuisikia rumba kama ngeni. Ilishaoga, ikavaa msuli, ikakaa barazani.

Angalieni pia majina ya mitindo, maana kila bendi ilikuwa na wake. Western Jazz walipiga Saboso. Litamke taratibu, ni jirani kabisa na sabroso, neno la Kihispania lenye maana ya kitamu. Halafu njoo kwa NUTA: mtindo wao ni Msondo, ile ngoma ndefu ya unyago. Mlimani Park wakachukua Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Hakuna polisi aliyemshikia mtu fimbo abadilishe jina. Muziki uliokuja na majina ya Cuba ukaishia kubeba majina ya unyago na ngoma za Pwani, ndani ya kizazi kimoja. Kama Mwalimu alitaka wasomi wakumbuke majina ya ngoma, basi ile dansi aliyoilalamikia ndiyo iliyoyatangaza nchi nzima kila wiki.

Iliyatangaza kupitia redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kwa karibu miaka 30 nchi nzima ilikuwa na sikio moja. Na RTD haikuwa ya kupiga nyimbo tu, kwa sehemu kubwa ndiyo iliyokuwa studio. Kiwanda cha kufyatua santuri hatukuwa nacho, kazi hiyo ilifanyika Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ukafungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Sisi wa ziwani tunaijua vizuri habari hiyo, maana hata meli za kuzunguka Kisumu na Port Bell zilikatika. Kwa hiyo nyimbo nyingi hazikuwahi kuwa santuri kabisa. Zilibaki kwenye mikanda ya RTD. Ukitaka kuusikia wimbo unasubiri upigwe.

Hapa Igogo reli inapita chini karibu na maji kuelekea mjini, na bandari ya Mwanza South iko hapo hapo. Reli hiyo ilifika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928. Tabora ndiko walikotoka Kiko Kids na Tabora Jazz, na ukifuata reli nyingine kutoka Tabora unafika Kigoma, mlango wa Kongo. Halafu watu wa huku tayari walikuwa na shule yao ya kushindanisha muziki. Nendeni Bujora, pale Kisesa, msimu wa Bulabo mwezi Juni mkaone Bagika na Bagalu. Makundi mawili, uwanja mmoja, kila upande na dawa zake na vituko vyake, na anayeamua ni umati unaokimbilia upande uliokolea. Sasa linganisha na Cuban Marimba dhidi ya Morogoro Jazz, au Msondo dhidi ya Sikinde. Ni kitu kile kile! Magitaa yalikuja na meli, lakini namna ya kuyashindanisha tuliikuta nyumbani.

Kuna tamasha moja ambalo kila mpenzi wa muziki huu alijue. Septemba 1974, Kinshasa, siku tatu za muziki kusindikiza pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Fania All Stars wakatua na Celia Cruz na Pacheco, na kwenye jukwaa hilo hilo wakapanda Franco na Tabu Ley. Baba na mtoto wanakutana, na ubishi wa nani baba na nani mtoto haujaisha mpaka leo. Kwetu Tanzania njia ya matamasha ilikuwa ya kwenda nje: Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe walikwenda maonyesho ya Osaka mwaka 1970, na Afro 70 ya Patrick Balisidya ikatuwakilisha FESTAC, Lagos, mwaka 1977. Hawakupelekwa kama bendi ya Kilatini. Walipelekwa kama Tanzania.

Sasa niseme linaloniuma. Mwaka 1997 ilitoka albamu ya Buena Vista Social Club, wazee wa Havana waliokuwa wamesahaulika, na dunia nzima ikawapigia magoti. Sisi tulikuwa tumetangulia! Mwaka 1993 wazee wetu walikusanywa wakaunda Shikamoo Jazz, na Salim Zahoro wa Kiko Kids alikuwemo. Walifika mpaka Uingereza. Lakini uliza darasani kwako leo nani anawajua. Buena Vista watainua mkono watano. Shikamoo Jazz, kimya. Hata pale Sauti za Busara, Zanzibar, tamasha lililoanza mwaka 2004, nyota wa dansi wakipanda jukwaani wageni wanashangilia kwa nguvu kuliko sisi wenyeji.

Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Mbaraka kwa ajali pia mwaka 1979. Waliocheza enzi zao sasa wana miaka 80 na zaidi. Mikanda ya RTD iko TBC, na wapo waliojitahidi kuipigania ihifadhiwe kwa kompyuta. Lakini mkanda hauwezi kukwambia nani alikuwa anacheza na nani, ukumbi gani, na kwa nini wimbo fulani ulimliza mama yako mkubwa. Hayo yako vichwani mwa watu tunaopishana nao kila siku tukikimbilia daladala.

Kwa hiyo kwa wale washikaji wa siti ya nyuma, jibu langu ni hili. Muziki unakuwa wako kwa kuufanyia kazi, haijalishi ulizaliwa wapi. Wazee waliifanyia kazi chacha mpaka ikaitwa Msondo. Kizazi chetu kikiishia kubishana ni ya nani bila hata kumhoji mzee mmoja, itarudi kuwa ngeni tena, na safari hii hatutaweza kumsingizia mkoloni.

Likizo inakaribia. Simu zote zinarekodi siku hizi. Ukifika kwenu mpigie babu au bibi wimbo mmoja wa Cuban Marimba, halafu nyamaza umsikilize. Mwenye kupata kitu aniambie tukifungua chuo.

Nawakilisha.