Kipimo cha Usafi: Mary Whitehouse na Televisheni ya Familia
Mwalimu Mary Whitehouse alianzisha kampeni ya kuisafisha televisheni ya Uingereza mwaka 1964, na mwaka uliofuata akaunda chama cha watazamaji na wasikilizaji. Miongoni mwa kazi alizozishutumu ni vichekesho vya Johnny Speight, Till Death Us Do Part, ambavyo mfululizo wake ulianza katika BBC mwaka 1966. Alikerwa hasa na matusi yake. Ilhali mhusika mkuu, Alf Garnett, ni mbaguzi mropokaji aliyesawiriwa kwa kejeli, na mhakiki angeuliza kwanza mtunzi anamcheka nani. (Kweli, wapo waliomshangilia Garnett, lakini hilo ni suala la upokezi, wala halitatuliwi kwa kuhesabu matusi.)

Mwaka 1977 chama hicho hicho kilikitunuku kipindi cha Jim'll Fix It kwa kuwa burudani safi ya familia. Mwendeshaji wake, Jimmy Savile, alifariki mwaka 2011. Mwaka 2012 ikafichuka kwamba alikuwa amenajisi watoto kwa miongo kadhaa. Sidai kwamba chama kiliijua siri hiyo. Nauliza tu kilisoma nini katika kipindi hicho hata kikaridhika. Yaelekea kilipima yale yaliyokosekana: matusi, damu na uchi.