Malakia ya Juba na Ndugu Zake

Mtu atokaye Jebel asubuhi, akauacha mlima nyuma yake na kushika njia ya kwenda mtoni, hupita kwanza katika makazi mapya yaliyoongezeka upesi baada ya amani ya mwaka 2005. Kisha huingia katika mji wenyewe, na akielekea upande wa soko la Konyokonyo hufika Malakia. Hapo huwa ametoka kwa watoto, amefika kwa mzee. Juba ina mitaa mingi, lakini michache ndiyo iliyobeba katika jina lake habari ya asili ya watu wake kama ulivyobeba mtaa huu.

Neno Malakia limetokana na Kiarabu cha Sudan. Malaki ni kitu cha raia, kisicho cha askari. Nguo za malaki ni nguo avaazo mtu asipokuwa katika utumishi wa jeshi. Basi Malakia ilikuwa ni makazi ya raia yaliyoota kando ya boma la Serikali: askari waliokwisha kuachishwa kazi, wake zao na watoto wao, wakalimani, polisi, mafundi, wapishi na wachuuzi. Ndiyo maana jina hili halikuwa la Juba peke yake, bali lilisikika katika miji mingine ya Sudan pia. Kila palipokuwa na boma, palikuwa na watu waliolitumikia boma hilo wakazeeka, nao walitaka mahali pa kuweka kichwa.

Asili ya watu hao ni ya zamani kuliko mji wa Juba. Mwaka 1841 majahazi ya Misri yaliyoongozwa na Salim Kapudan yalipanda Mto Nile mpaka karibu na Gondokoro, katika nchi ya Wabari. Mwaka 1871 Samuel Baker alipandisha bendera ya Khedive wa Misri pale Gondokoro, na mwaka 1874 Gordon akayahamishia makao ya Serikali Lado, upande wa magharibi wa mto. Mwaka 1878 Emin Pasha akawa liwali wa Jimbo la Ikweta. Askari wa maliwali hao wengi walikuwa watu wa makabila mbalimbali ya Sudan. Wengine waliingia katika jeshi kwa kutekwa na kufanywa watumwa, na jambo hilo la huzuni halifai kufichwa. Walakini ndani ya safu za jeshi walipata dini moja, lugha moja na udugu mmoja, wakawa kama kabila jipya lisilokuwa na kijiji cha mababu.

Khartoum ilipoanguka mikononi mwa jeshi la Mahdi mnamo Januari 1885, jimbo hili lilikatika na ulimwengu. Emin akarudi nyuma mpaka Wadelai, na mwaka 1889 akaondoka pamoja na Stanley kwenda pwani, wakafika Bagamoyo mwezi wa Desemba. Askari walio wengi hawakwenda naye. Walibaki katika nchi za Ziwa Albert, na mkubwa wao alikuwa Selim Bey. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alimwendea Selim pale Kavalli akamtaka aingie katika utumishi wa Waingereza. Selim alikataa kubadili bendera yake mpaka ruhusa ya Khedive ipatikane, kwa kuwa alimhesabu Khedive kuwa ndiye bwana wake. Hatimaye alikubali kwa masharti, akawachukua watu wake Uganda, askari mia kadha pamoja na jamaa zao waliofikia maelfu. Mwaka 1893 Waingereza walimtuhumu kuwa si mwaminifu, wakamwondoa Uganda, naye akafa Naivasha akiwa njiani kwenda pwani.

Watu hao na vizazi vyao ndio wanaoitwa Wanubi. Walikaa Bombo, kaskazini ya Kampala, wakakaa katika miji mingine ya Uganda, na baadhi yao wakafika Nairobi pamoja na jeshi la King's African Rifles. Huko walipewa msitu ulio kusini-magharibi ya mji, nao kwa lugha yao wakauita Kibra, maana yake mwitu. Hiyo ndiyo Kibera ijulikanayo leo. Lugha yao, Kinubi, na Kiarabu cha Juba ni matawi ya shina moja. Mtu wa Malakia na mtu wa Kibera wakikutana, haiwachukui muda mrefu kusikilizana. Kwa hiyo Bombo na Kibera ni ndugu za Malakia ya Juba.

Mji wa Juba wenyewe ni wa baadaye. Mwanzoni mwa karne ya ishirini makao ya jimbo yalikuwa Mongalla, upande wa mashariki wa mto. Liwali Owen hakupenda askari Waislamu kutoka kaskazini wakae kusini. Mwaka 1917 likaundwa jeshi la Equatorial Corps la watu wa kusini, na mwisho wa mwaka huo huo askari wa kaskazini wakaondoka Mongalla. Miaka ya mwisho ya 1920 Serikali ikaanza kuhamia Juba, katika ardhi ya Wabari, mahali meli za kutoka kaskazini zilipoweza kufika na barabara za Kongo na Uganda zilipoweza kuanzia. Wakubwa wa Serikali walikuwa na upande wao, wafanya biashara Wagiriki na Waarabu walikuwa na wao, na wenyeji wa kazi za mji wakawa na Malakia yao.

Tarehe 25 Januari 1930 Harold MacMichael, Katibu wa Serikali pale Khartoum, alitoa waraka wa siasa ya kusini. Waraka ule ulitaka lugha ya Kiarabu na athari za Kiislamu zipunguzwe, na kila kabila lirudi kwenye mila yake. Lakini mtu wa Malakia angerudi wapi? Baba yake alikuwa wa kabila moja, mama yake wa jingine, na jirani yake wa la tatu. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa ni Kiarabu cha Juba. Waraka uliweza kuzuia leseni za wachuuzi wa kaskazini, haukuweza kuingia jikoni mwa mama na kuwafundisha watoto lugha nyingine. Adhana iliendelea kusikika, watoto waliendelea kusoma Qur'ani, na maiti wa Kiislamu waliendelea kuzikwa na majirani zao. Na Mkristo alikuwa jirani vilevile, mara nyingi ndugu wa damu.

Hii ndiyo fahari ya mtaa. Lakini historia isemayo fahari peke yake ni nusu ya historia. Mtaa huu ulikuwa na udhaifu tangu kuzaliwa kwake, nao ni kwamba wenyeji wake walikaa kwa ruhusa, wala hawakukaa kwa milki. Katika miji ya Sudan ya zama za Waingereza, mitaa waliyotengewa wenyeji ilikuwa ni mahali pa kukaa mradi Serikali iliridhika. Mtu alijenga nyumba, akapanda mwembe, akazaa, akafa. Ardhi iliyo chini ya mwembe haikuandikwa kwa jina lake. Sheria ya mwaka 1925 iliweka utaratibu wa kuandikisha ardhi, lakini walioandikisha kusini walikuwa wachache. Mwaka 1970 ikaja sheria nyingine huko Khartoum, ikasema kwamba ardhi yote isiyoandikishwa ni mali ya Serikali. Basi kwa kauli moja ya kalamu mzee aliyekaa mahali miaka arubaini akawa mgeni mbele ya sheria.

Kwa miaka mingi udhaifu huo haukuonekana, kwa sababu mtaa ulikuwa na daftari lililo hai. Daftari hilo lilikuwa wazee. Palipozuka ugomvi wa mpaka waliitwa watu wawili watatu waliokuwapo wakati ule, wakasema, "Ua wa fulani uliishia hapa," na neno likaisha. Uaminifu ulitosha, na hapana shaka ulikuwa uaminifu mzuri.

Kisha zikaja fitina. Mnamo Julai 1965 askari wa Serikali waliwaua raia wa Juba na kuchoma nyumba nyingi za nyasi. Waliosalimika wakakimbilia porini na nchi za jirani. Baada ya Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 wengi walirejea, na mwaka 1979, Serikali ya Idi Amin ilipoanguka, Wanubi wa Uganda nao wakakimbilia upande huu wa mpaka. Wajukuu wa walioondoka na Selim Bey wakarudi katika nchi ya babu zao wakiwa wakimbizi. Vita vikaanza tena mwaka 1983. Mwaka 1992 jeshi la SPLA lilipojaribu kuiteka Juba, mji ulijaa hofu, na watu wengi waliokamatwa hawakuonekana tena. Katika kila msukosuko mmoja wapo wa wazee alikufa ugenini, na kila mzee aliyekufa alikuwa ukurasa uliochanika katika daftari lile.

Amani ya Januari 2005 ilipokuja, na baadaye uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, thamani ya ardhi ya Juba ilipanda kwa namna ambayo haikupata kuonekana. Waliorudi walikuta wengine ndani ya nyumba zao. Wengine kati ya hao walikuwa wameuziwa kwa haki na mtu asiyekuwa na haki ya kuuza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009 imekubali aina tatu za ardhi, yaani ya umma, ya jamii na ya mtu binafsi. Lakini sheria haiwezi kumtambua mwenye haki asiyekuwa na ushahidi. Watu wa Jebel hawahitaji kuelezwa hayo kwa mbali. Mapigano ya Julai 2016 yalifika milangoni mwao, na waliokimbia usiku ule walichukua watoto, makaratasi waliyaacha.

Anayetaka kuona mwisho wa njia hii na amtazame ndugu wa Malakia, yaani Kibera. Mwaka 1918 Serikali ya Kiingereza iliitangaza Kibera kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197, na Wanubi wakaendelea kukaa humo. Waliamini kwamba wamepewa milele kwa damu waliyoimwaga vitani. Lakini Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoanza kazi mwaka 1932, ilisema kwamba wao ni wapangaji tu wa Serikali, wanaokaa kwa hiari yake. Baadaye mitaa kama Jamhuri, Lang'ata na Ayany ikajengwa juu ya ardhi ile, na wengine wengi wakahamia katika iliyobaki. Wanubi walishitaki mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, nayo mwaka 2015 ikahukumu kwamba haki zao zimevunjwa. Mwaka 2017 jamii yao ikapewa hati ya milki ya ekari 288. Yaani katika ekari kumi na tano, iliyookolewa ni kama moja. Na hiyo moja iliokolewa kwa kuandikwa.

Wako wasemao kwamba kudai karatasi baina ya ndugu ni dalili ya kutoaminiana. Uislamu haukusema hivyo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya deni katika Sura ya Al-Baqara, imewaagiza waumini waandike mapatano yao na kuweka mashahidi. Nayo iliteremka Madina, kwa umma ambao uaminifu wake ulikuwa mkubwa kuliko wa umma wo wote uliofuata. Na Sayyidna Umar bin al-Khattab, alipopata ardhi ya Khaybar, alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akataka shauri. Akaelekezwa azuie asili yake na kutoa mazao yake sadaka. Kwa hiyo ardhi ile haikuuzwa, haikutolewa zawadi, wala haikurithiwa. Ndio wakfu, nao ni ukuta wa mtaa ambao mwizi hauruki kwa urahisi.

Mafunzo ya Malakia kwa Jebel basi ni mepesi kuyasema. Jebel leo ni kama Malakia ilivyokuwa katika ujana wake: watu wa makabila mengi, lugha mbili tatu, misikiti iliyojengwa kwa michango, na viwanja vingi vilivyopatikana kwa neno la mdomo. Yafaa kila kiwanja cha msikiti, cha madrasa na cha makaburi kiandikishwe kwa jina la wakfu, kisiwe kwa jina la mtu atakayekufa na kuwaachia warithi ugomvi. Yafaa sehemu ya mjane na ya yatima iandikwe kabla ya arubaini ya marehemu, maana hao ndio wanaoondolewa kwanza. Yafaa mipaka ipimwe mbele ya majirani, Waislamu na wasio Waislamu, na wakubwa wa Kibari waheshimiwe, kwa kuwa mji wote umesimama juu ya ardhi ya baba zao. Na yafaa wazee wa Malakia waliobaki waendewe sasa, wakiwa wangali na kauli, yaandikwe wayajuayo: nani alikaa wapi, nani alimwachia nani, ua uliishia wapi.

Mtaa wa kale huendelea kuwa mtaa maadamu mjukuu aweza kuonyesha mahali babu yake alipolala, na akasadikiwa. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, waliolala Gondokoro, Lado, Naivasha, Bombo na Kibera, na waliolala hapa Juba. Na awajaalie walio hai kuihifadhi amana waliyoachiwa. Amin.