Gredi ya Kwanza (Nakuru)

Gredi ya Kwanza ni mwaka wa kwanza wa shule ya msingi nchini Kenya. Tangu Januari 2019 hufuata Mtaala wa Umilisi, ulioandaliwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya. Kipindi kimoja ni dakika 30, na Hisabati hupewa vipindi vitano kwa wiki: kuhesabu hadi 100, kutenga makumi na mamoja, kujumlisha, kutoa. Vihesabio huokotwa papo hapo, vifuniko vya chupa au punje za mahindi.

Kusoma huanza na sauti, kisha silabi, maneno na hadithi fupi. Kuandika hufuata nyuma kwa mwendo wa kinyonga. Suala gumu ni lugha. Sera hutaka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake: katika kaunti ya Nakuru, Kuresoi ni Kikalenjin, Bahati ni Kikuyu. Katika jiji la Nakuru, ambako dawati moja huweza kuketisha Mluo, Mkisii na Mturkana, Kiswahili ndicho hubeba mzigo huo. Mradi wa kusoma uitwao Tusome ulileta vitabu vya Kiswahili na Kiingereza madarasani kuanzia 2015.