Norman Lear na Swali la Nani Anamcheka Nani

Tarehe 12 Januari 1971, kituo cha CBS cha Marekani kilirusha kipindi kipya cha vichekesho, kikitanguliwa na tahadhari kwa watazamaji. Ni nadra kichekesho kuombewa radhi kabla hakijaanza. Kipindi hicho kiliitwa All in the Family, na muasisi wake, Norman Lear, alikuwa na miaka 48; kituo cha ABC kilikwisha kuyakataa majaribio yake mawili.

Wazo alilitoa Uingereza, katika tamthilia ya Johnny Speight iitwayo Till Death Us Do Part. Mhusika mkuu, Archie Bunker, mfanyakazi wa kizungu wa Queens, New York, aliyewadharau Weusi, Wayahudi na wanawake wenye kauli, alichotwa kwa sehemu kutoka kwa baba yake Lear mwenyewe, Myahudi aliyefungwa jela kwa udanganyifu wa fedha mwanawe akiwa na miaka tisa. Hata amri ya Archie ya kumnyamazisha mkewe ilikuwa ya mzee huyo.

Lear aliamini kwamba chuki ikianikwa sebuleni itachekwa, na ikichekwa itanyong'onyea. Taifa liliitikia: kwa misimu mitano mfululizo kipindi hicho kiliongoza kwa watazamaji. Lakini waliokuwa wakicheka walimcheka nani? Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha uchunguzi wao miongoni mwa vijana wa Marekani na watu wazima wa Kanada. Waliona kwamba wenye ubaguzi mwingi walielekea kumpenda Archie kuliko mkwewe mwenye fikra za kimaendeleo, na kudhani kwamba yeye ndiye mshindi wa mabishano. Mwandishi aliweka kioo, baadhi ya watu wakaona picha ya shujaa wao. Kwa maoni yangu, uchunguzi huo haukumshinda Lear, ila ulimvua uhakika wake.

Jeraha kubwa zaidi lilitoka ndani. Mwaka 1974 ilianza Good Times, hadithi ya familia ya Weusi katika nyumba za umma jijini Chicago. Mwigizaji Esther Rolle alikuwa ameshikilia kwamba familia hiyo lazima iwe na baba. Muda si muda kijana J.J., mwenye mbwembwe na kibwagizo chake, akameza kipindi kizima. Rolle na John Amos, aliyeigiza baba, walilalamika kwamba huo ni ukaragosi. Amos akaachishwa mwaka 1976. Katika hadithi, baba akafa. Mtu aliyejenga jina kwa kuumbua ubaguzi alikuwa, katika studio yake mwenyewe, mwajiri asiyependa kukosolewa.

Hata hivyo, watumishi wa umma wasome kisa cha 1975. Bunge lilipolalamikia ngono na ukatili katika televisheni, mwenyekiti wa tume ya mawasiliano, Richard Wiley, hakutunga kanuni. Aliwaita wakuu wa vituo, wakazungumza, na baadaye vituo “kwa hiari” vikakubali kwamba kabla ya saa tatu usiku patarushwa vipindi vya kifamilia tu. All in the Family kikaondolewa Jumamosi saa mbili usiku, kikapelekwa Jumatatu saa tatu.

Lear na chama cha waandishi wakaenda mahakamani. Mwaka 1976 Jaji Warren Ferguson aliamua kwamba hiari hiyo ilikuwa shinikizo la serikali lililovishwa joho jingine, na kwamba ilivunja uhuru wa maoni. Mwaka 1979 mahakama ya rufaa ilitengua hukumu hiyo, si kwa kumsafisha Wiley, bali kwa hoja kwamba suala lilipaswa kuanzia kwenye tume ileile iliyolalamikiwa. Mwaka huohuo All in the Family ilikoma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Lear alianzisha People for the American Way kukabiliana na wahubiri wa mrengo wa kulia waliotaka kushika dola. Alifariki Desemba 2023, akiwa na miaka 101.